Nzomo na Sura ya Saba

Nzomo wa Kasikeu alikuwa mtu wa elimu, na hilo angekuambia mwenyewe kabla hujamwuliza. Kazi yake ilikuwa kupaka vitabu wino. Si kuandika, kuandika ni kazi ya kila mtu aliyepita misheni. Yeye alipaka. Alikuwa na chupa ya wino mweusi, brashi, rula ya mbao, na baiskeli ya ofisi yenye kengele isiyolia. Kwa vifaa hivyo alizunguka shule zote kutoka Kasikeu hadi Mbumbuni, akihakikisha kwamba watoto wa Ukambani hawasomi jambo la kuwaumiza kichwa.

Kazi yenyewe ilizaliwa hivi. Mwaka wa 1935 serikali ilileta shuleni kitabu kipya cha kufundisha maisha mema. Kilikuwa na sura ya kusafisha kisima, sura ya kufuga kuku, sura ya kuchimba choo na sura ya kupanda miti. Katikati ya choo na miti, kama mgeni aliyekosea nyumba, palikuwa na sura ya saba. Hiyo ilieleza baraza la wilaya: wajumbe ni akina nani, wanapatikanaje, na kodi ya baraza inakwenda wapi. Hakuna aliyejua nani aliiweka hapo. Pengine ni bwana fulani wa Nairobi aliyekuwa na kurasa chache za kujaza. Kitabu kikapigwa chapa, kikaletwa kwa treni mpaka Sultan Hamud, kikapanda vilima kwa punda, na serikali ikajipongeza.

Shida ilikuwa moja tu: watoto walikisoma. Hilo halikuwa limetarajiwa.

Siku moja ya soko hapo Kasikeu, Chifu Mbuvi alikuwa akiwatangazia watu kwamba kodi ya baraza imepanda. Chifu Mbuvi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Aliwekwa na serikali, na kwa sababu hiyo aliipenda serikali kwa moyo wake wote. Basi mama mmoja muuza ugoro, jina lake Mbinya, akasimama akauliza kwa adabu kabisa.

"Chifu, mtoto wangu anasoma. Ananiambia kitabuni imeandikwa tuna haki ya kuelezwa pesa za baraza zimefanya nini. Sasa zimefanya nini?"

Chifu alifunga baraza hapo hapo. Alisema anaumwa na tumbo. Kesho yake alikuwa ofisi ya wilaya, na tumbo lilikuwa limempanda mpaka kichwani.

Bwana Inspekta wa shule, Mwingereza mrefu aliyependa mambo yaishe kabla ya chai, alimsikiliza. Kukirudisha kitabu Nairobi ilikuwa gharama. Kukichoma moto ilikuwa aibu, maana ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mfalme. Ikaamuliwa kwa busara kubwa kwamba kitabu kibaki na sura ya saba ipakwe wino, na mwalimu yeyote atakayeifundisha kwa mdomo aondoke kazini. Katika hao walioamua, hakuna aliyeisoma sura hiyo mpaka mwisho. Walisoma kichwa chake na mistari michache ya mwanzo, wakaona inatosha. Watu wa ofisi wana shughuli nyingi.

Wakati huo Nzomo alikuwa tarishi wa ofisi. Alikuwa ameketi kibarazani akipigia tangazo mistari ya pembeni, Inspekta akasimama nyuma yake akitazama.

"Wewe una mkono imara," Inspekta akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

Tangu azaliwe Nzomo hakuwa ameambiwa ana kitu chochote kilicho imara. Alirudi nyumbani jioni hiyo akiwa Mkaguzi wa Usafi wa Vitabu, cheo ambacho hakikuwahi kuwako duniani kabla ya chai ya siku ile.

"Usafi gani huo unaoacha vidole vyeusi?" mkewe Nthenya alimwuliza baada ya wiki moja, akifua shati lake kwa mara ya pili.

"Mama Mbula, hii ni kazi ya elimu. Huwezi kuielewa."

"Shati ninalielewa," Nthenya akasema, akaendelea kusugua.

Lazima isemwe kwamba aliifanya kazi vizuri. Kitabu kilikuwa kimepigwa chapa mara mbili, cha Kiswahili na cha Kikamba, na kurasa hazikulingana. Nakala nyingine mchwa walikuwa wameshaanza kuzikagua kabla yake. Kwa hiyo katika kila nakala ilibidi aitafute sura ya saba kwa kusoma. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti ya chini mpaka neno la mwisho, apate hakika inaanzia wapi na inaishia wapi, asije akaifuta miti kwa bahati mbaya. Kisha ndipo alipoweka rula na kupaka. Kingo zake zilinyooka hata ukazionea wivu. Alipita shule baada ya shule, nakala baada ya nakala, akisoma sura ileile na kuifunika, akisoma na kuifunika.

Huko Mbumbuni alimkuta Mwalimu Muli, kijana mwembamba mwenye koti moja na maswali mengi.

"Sasa nifundishe nini?" Muli alimwuliza, akikitazama kitabu kilichokuwa bado kibichi.

"Fundisha sura ya sita. Ukimaliza, fundisha ya nane."

"Sura ya nane inaanza hivi," Muli akasema, akafungua na kusoma. "'Kama tulivyoona katika sura iliyotangulia, mjumbe mzuri huwauliza watu wake kwanza. Ndivyo ilivyofanyika miti ilipopandwa kando ya mto.'"

Nzomo alikivuta kitabu, akasoma mwenyewe, akajikuna shavu, shavu likabaki na wino. Akapaka na sentensi hizo pia.

"Sasa inaanzaje?"

"Inaanza na miti iko kando ya mto."

"Na miti imepandwa na nani?"

Nzomo alifikiri kidogo. "Imejipanda," akasema, akafunga chupa yake.

Watoto wa Mbumbuni hawakuwa wamesoma kitu chochote kwa bidii kama walivyosoma ukurasa ule mweusi. Waligundua kwamba ukiuelekeza juani, herufi zinaonekana kwa mbali, kama samaki chini ya maji ya matope. Wakati wa mapumziko ungeona darasa zima limesimama uani, vitabu vimeinuliwa juu, midomo inatembea. Muli hakuwakataza. Alisema ni mazoezi ya mabega.

Habari zikafika ofisini. Ofisi ikaagiza wino uchanganywe na masizi. Nzomo akayakwangua masizi kwenye sufuria za Nthenya, akarudi barabarani, akapaka upya shule zote. Sasa ukurasa ukawa mzito kama kigae, na ulipokauka uligandamana na ule wa mbele yake. Ule wa mbele ulikuwa mwisho wa sura ya sita, kwa hiyo watoto wa miaka ile walijua kuchimba choo lakini hawakuwahi kujua kinaezekwaje. Inspekta alipowakuta wanatumia vyoo visivyo na paa aliandika kwamba Wakamba ni wagumu kufundishika.

Kazi ya namna hiyo ikianza haina pa kusimama. Serikali ilipotangaza kwamba ng'ombe wa Ukambani ni wengi mno kupita nyasi na lazima wapunguzwe, ofisi ilikumbuka kitabu cha hesabu. Humo mlikuwa na baba mwenye ng'ombe, akaondokewa na kadhaa, amebakiwa na wangapi? Swali lile halikuwa hesabu tena, lilikuwa siasa. Nzomo akaagizwa awageuze ng'ombe kuwa mbuzi. Mbuzi nao wakaanza kutazamwa kwa jicho baya na watu wa kilimo, wakageuzwa kuku. Katika kitabu cha hadithi, sungura na wenzake walikuwa wamekutana kumtafuta mkubwa mpya badala ya simba. Mkutano wao ukapakwa. Ilibaki hadithi fupi sana: simba alikuwa mkali, wanyama wakarudi nyumbani kwa furaha.

Sifa zake zikavuka mto Athi. Watu wa Kitui walikuwa na vitabu vilevile na tumbo lilelile, wakaandika kumwazima, jinsi mtu anavyoazima fahali kwa jirani. Nzomo aliuvuka mto na baiskeli kichwani, chupa ya wino imefungwa shingoni kwa kamba, akapaka shule mpaka Ikutha. Hapo wino ukamwishia. Aliingia dukani kwa Hirsi, Msomali aliyeuza sukari na nguo na kununua ngozi na mifugo.

"Nataka wino mweusi."

"Chupa ngapi?"

"Zote."

Hirsi alimtazama kwa heshima. "Wewe unaandika kitabu kikubwa."

"Siandiki. Napaka juu ya vitabu vya shule, maneno yasisomwe." Nzomo akamweleza kazi, cheo na masizi. Alikuwa na kiburi kidogo, na siku nyingi hakuwa amepata mtu wa kumweleza.

Hirsi alisikiliza mpaka mwisho huku akizipanga chupa mezani. "Mimi kama sitaki mteja aone kitu, sikileti dukani," akasema. "Nyinyi mnakileta, mnamwita mteja, mnamfundisha kukitazama, halafu mnamziba macho. Hiyo ni kazi mara mbili, rafiki yangu." Akazisukuma chupa mbele. "Lakini si mbaya. Mimi nauza wino."

Nzomo alikasirika njia nzima ya kurudi, na hakujua vizuri amekasirikia nini.

Mwaka wa 1938 mjumbe wa Kasikeu katika baraza la wilaya alifariki, na kiti kikawa wazi. Chifu Mbuvi alikuwa na mtu wa kukikalia, shemeji yake Kilonzo, mwanamume mpole aliyekuwa na kipaji kimoja tu, nacho ni kuitikia. Watu wengi walimtaka fundi wa mawe aitwaye Musyoka, kwa sababu alikuwa amesema waziwazi kwamba akiulizwa habari ya ng'ombe atasema hapana. Mjumbe yule aliyekufa alikuwa amesema ndiyo, na ng'ombe wa watu walikuwa wamekwenda mnadani kwa bei ya kutia huruma.

Chifu aliitisha baraza kabla Disii, mkuu wa wilaya, hajaja kumweka mjumbe, apate kuwatayarisha watu.

"Mambo ya mjumbe hayana kelele," akasema kwa sauti yake nyembamba. "Imeandikwa kitabuni, sura ya saba. Mjumbe anatolewa na chifu."

"Imeandikwa wapi? Tuonyeshe," mtu akasema.

"Iko chini ya wino."

Watu walianza kunung'unika. Chifu akanyoosha fimbo yake mpaka ikamfikia Nzomo, aliyekuwa amesimama kando na baiskeli.

"Mwulizeni huyu mtu wa elimu. Nzomo, sura ya saba ipo au haipo?"

"Ipo, Chifu," Nzomo akasema.

"Na inahusu mjumbe au haihusu?"

"Inahusu."

"Mmesikia wenyewe," Chifu akasema, akakaa.

Waliosoma kabla ya masizi walikumbuka vipande tu, na vijana waliojifunza kusoma tangu masizi yaingie hawakuweza kubisha. Walikuwa wameuona ukurasa ule kila siku, na chini ya weusi ule neno lolote lingeweza kukaa. Uongo wenyewe haukumshangaza Nzomo, maana alikuwa ameshamwitikia Chifu uongo mwingine mkubwa kuliko huo. Kilichomkata maini ni kwamba sura ile ilikuwa yake. Aliijua kama mtu anavyolijua shamba lake, jiwe kwa jiwe. Na sasa mtu asiyejua hata herufi moja alikuwa anapanda humo anachotaka.

Alipofika nyumbani, Nthenya alikuwa kwenye kinu anatwanga mahindi yatoke maganda, apike muthokoi.

"Watu wamepita hapa wanasema umemsimamia Chifu," Nthenya akasema bila kuuacha mchi. "Kwamba kitabuni imeandikwa mjumbe ni wa kupewa na yeye."

"Haijaandikwa hivyo."

"Sasa imeandikwaje?"

Nzomo aliegemeza baiskeli ukutani. Hakuhitaji kitabu. Aliweka kidole hewani, kama kwamba kuna neno mbele yake, akaanza.

"'Mjumbe wa baraza ni mtu anayechaguliwa na watu wa mahali pake. Kila anayelipa kodi anaweza kusema jina la mtu amtakaye. Mjumbe huwauliza watu kabla ya kukubali jambo kubwa kwa niaba yao. Asipofanya hivyo, watu wanaweza kumchagua mwingine. Kodi ya baraza ni mali ya watu, nao wana haki ya kuelezwa imefanya kazi gani.'"

Mchi ulikuwa umesimama tangu sentensi ya pili.

"Na haya yote ndiyo umekuwa ukifunika?"

"Kwa kingo zilizonyooka," Nzomo akasema, na akatamani asingesema.

"Ng'ombe wangu yule mwekundu," Nthenya akasema polepole. "Nilipewa na baba yangu. Alipoondoka nilinyamaza, nikadhani ni jambo la kutoka juu, kama ukame. Kumbe kuna mtu alikubali kwa jina langu, na ningeweza kumwuliza." Alimtazama mumewe vile ambavyo hakuwa amemtazama tangu siku za mwanzo za ndoa yao. "Baba Mbula, utamwambia Disii?"

Sura ilikuwa na sentensi moja zaidi. Nzomo aliiona inakuja, akaiacha ipite.

"Nitamwambia," akasema.

Disii alikuja siku ya baraza na hema lake, kiti chake, karani wake na mbwa wake. Alikuwa mgeni katika wilaya, kijana mwenye uso uliochomwa na jua, na alitaka kuonekana mtu wa haki. Chifu Mbuvi akasimama kumwonyesha Kilonzo, na Kilonzo akaitikia kabla hajaambiwa chochote. Hapo Nzomo akatoka kwenye msitari wa watu wa ofisi, akaja mbele, akavua kofia.

"Bwana Disii, mimi ndiye niliyepaka sura ya saba. Naomba niiseme."

"Amelewa," Chifu akasema.

"Aseme," Disii akasema karani alipomtafsiria.

Nzomo akasema. Hakukwama popote, maana maneno yalikuwa ya kawaida kwake kama njia ya kwenda kisimani. Watu wa nyuma wakasogea mbele wapate kusikia. Alipofika kwenye kodi, Mbinya muuza ugoro alipiga kofi moja kubwa akasema, "Si niliuliza!" Alipomaliza, hakuna aliyengoja amri. Watu walianza kwenda kusimama nyuma ya Musyoka, kwanza wachache, halafu kwa makundi, mpaka msitari ukapita mwisho wa soko ukaingia katika shamba la mbaazi la mtu. Nyuma ya Kilonzo walisimama Chifu, wazee wa Chifu, na jamaa mmoja kiziwi.

Nzomo alimwona Nthenya katikati ya msitari ule mrefu. Hiyo, alisema miaka mingi baadaye, ndiyo dakika aliyopaswa kufa.

Lakini hakufa, na Disii alikuwa na kitabu. Nakala za ofisini hazikuwa zimepakwa, kwa sababu nani angefikiri ofisi itasoma? Disii alikifungua juu ya goti, akapeleka kidole chini ya ukurasa, akatabasamu kidogo, akampa karani asome kwa sauti. Karani akasoma yaleyale aliyosema Nzomo, neno kwa neno, na watu wakashangilia. Kisha karani akaendelea.

"'Hata hivyo serikali inaweza kumkataa mtu aliyechaguliwa na watu, na kumweka mwingine mahali pake, ikiona ni kwa faida yao.'"

Disii akafunga kitabu. Akasema amefurahi sana kuona jinsi watu wa Kasikeu wanavyopenda mambo ya baraza. Akasema amemsikia Musyoka, ni mtu hodari, na mawe yake yamenyooka. Akasema kwamba kwa faida ya watu mjumbe ni Kilonzo. Kilonzo akaitikia.

Uwanja wote ukageuka kumtazama Nzomo.

"Hiyo hukuisema," Musyoka akamwambia. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

Chifu Mbuvi ndiye aliyeanza kucheka, na cheko lake likapita kwenye msitari kama homa. "Mtu wenu wa elimu!" akasema. "Amewapunja!" Watu wakaanza kutawanyika kutoka shamba la mbaazi. Kama amelificha neno moja, walisema, nani ajuaye kama hayo mengine hakuyatia yeye? Karani ameyasoma? Karani naye ni mtu wa ofisi. Kufika jioni, nusu ya Kasikeu ilikuwa inasema huenda Chifu alikuwa mkweli tangu mwanzo.

Ofisi ilimwachisha Nzomo kazi, si kwa kusema, la, serikali haiogopi maneno. Ilikuwa tu inapunguza matumizi. Akarudisha baiskeli, rula na chupa. Sokoni watu walipata msemo mpya. Muuza maharagwe akipima kibaba kisichojaa, mteja alimwambia, "Wewe, usinipimie sura ya Nzomo." Nthenya hakumgombeza. Alipika, akapakua, akamwekea chakula, na hakumwambia neno lisilohusu chakula. Mwisho alipozungumza, alisema tu, "Mimi pia hukuniambia."

Ndipo Nzomo akatembea kwa miguu mpaka Mbumbuni.

Mwalimu Muli alimkuta ameketi kwenye ngazi ya shule wakati watoto wanatoka. Hakumpa mkono.

"Kwa nini uliiacha sentensi ile?"

"Ilikuwa inaharibu," Nzomo akasema. "Watu walikuwa wananisikiliza. Mke wangu alikuwa ananisikiliza. Nikaona ile haiwafai."

"Haiwafai," Muli akarudia. "Basi siku ile ulifanya kazi yako ileile, ila hukuwa na brashi."

Nzomo alikuwa anavitazama vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na weusi kwenye kucha.

"Ungewaambia yote," Muli akaendelea, "Disii angesoma sentensi yake ya mwisho na watu wangekuwa wanaijua tayari. Angebaki yeye na aibu yake. Wewe ukaichukua aibu yake ukaibeba. Hata malipo hakukupa." Akavuta pumzi. "Mimi nikiifundisha nafukuzwa. Lakini amri inasema mwalimu asiifundishe. Wewe si mwalimu. Saa hizi wewe si kitu chochote."

Kwa Muli, hayo yalikuwa ni maneno ya kumkaribisha mtu.

Kesho yake Nzomo alisimama mbele ya darasa akiwa ameshika chaki kama mtu aliyeshika nge. Aliandika ubaoni sura ya saba yote, kwa ule mwandiko wake mzuri, na Muli akaenda nje kukagua ua, ambao haukuwa na chochote cha kukaguliwa. Nzomo aliandika mpaka haki ya kuelezwa kodi. Akasimama kidogo. Kisha akaandika sentensi ya mwisho, kubwa kama nyingine zote.

Msichana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. "Kama serikali inaweza kumkataa mtu wetu, kwa nini basi tumchague?"

"Sijui," Nzomo akasema.

"Na nani anajua faida yetu ni ipi? Sisi au wao?"

"Hapa haijaandikwa."

"Basi kitabu kimeacha kitu," msichana akasema, na darasa likalipuka, kila mmoja na lake, hata Muli akaacha kukagua ua akaja kusimama mlangoni.

Haikuchukua muda. Vitabu vikakusanywa vyote, vilivyopakwa na visivyopakwa, pamoja na picha ya mfalme, na gharama ya kuvirudisha Nairobi ikaonekana ni ndogo sana kumbe. Muli akahamishiwa ng'ambo ya Athi, shule ya mbali kupita Ikutha, afundishe kusuka vikapu. Aliandika kuwa watoto wa huko wanasuka vibaya na wanabishana vizuri. Nzomo alirudi shambani, akapanda mbaazi, akanunua ng'ombe mwekundu ambaye Nthenya alimkubali ingawa alisema pembe zake si zile.

Kilonzo alikaa kwenye kiti akaitikia. Ila mwaka uliofuata, Chifu Mbuvi alipokuja sokoni na karatasi ya ofisi, karani wake akasoma mistari miwili na kuikunja kama kawaida, Mbinya alisimama na kopo lake la ugoro.

"Soma mpaka mwisho," akasema.

"Mengine ni ya ofisi," karani akasema.

"Soma mpaka mwisho," wakasema watu wa nyuma, na walioketi wakainuka, wakasimama pale wakingoja, na hakuna aliyeondoka. Karani akamtazama Chifu, Chifu akatazama jua. Karatasi ikakunjuliwa. Ilikuwa ndefu, na humo ndani mlikuwa na mambo. Tangu siku hiyo mabaraza ya Kasikeu yalikuwa marefu mno, na Chifu Mbuvi, ambaye miguu ilikuwa ikimvimba akisimama sana, alilazimika kuja na kiti kutoka nyumbani kwake.